Mwendo Uliobeba Somo

Shule ya msingi ya Tanzania haijawahi kukosa mazoezi ya mwili. Kuna mchakamchaka wa asubuhi, kuna gwaride la mstarini, kuna kufagia uwanja na kuchota maji ya kumwagilia maua, na ikikaribia sikukuu ya taifa kuna halaiki. Kengele ya kipindi cha kwanza ikishalia, mwili unakuwa umemaliza kazi yake. Mtoto wa miaka sita anaingia darasani, anabanana na wenzake kwenye dawati moja, anaambiwa atulie, na kuanzia hapo kusoma ni shughuli ya macho, masikio na mkono mmoja ulioshika penseli. Anayejinyoosha ni mtukutu. Mgawanyo huu, mwili nje na akili ndani, umezoeleka kiasi kwamba hata wanaoupinga hujikuta wameukubali, maana wanachodai ni dakika zaidi za kucheza kabla ya somo au baada yake. Ninachokitetea hapa kinagusa somo lenyewe. Mwendo humsaidia mtoto mdogo kujifunza pale unapobeba kile kinachofundishwa, yaani pale anaporuka namba, anapokanyaga silabi, au anapojizuia kuruka kwa sababu kanuni ya mchezo imemtaka ajizuie. Ukitenganishwa na somo unabaki kuwa jambo jema kwa afya, lakini faida yake kwenye kusoma na kuhesabu ni ndogo tena haitabiriki.

Sababu inayotolewa mara nyingi ni hiyo ya afya. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linapendekeza mtoto wa miaka mitatu au minne apate kwa siku dakika zisizopungua 180 za kujishughulisha kwa mwili, na 60 kati ya hizo ziwe za kuhemea juu juu. Kwa wenye miaka mitano na kuendelea, mwongozo wa mwaka 2020 unataja wastani wa dakika 60 za aina hiyo. Kwa mtoto wa mjini anayechukuliwa mlangoni na basi la shule na kurudishwa mbele ya televisheni, vipimo hivi vina uzito. Lakini mtoto wa kijijini Singida au Kakamega anayekwenda shule kwa miguu, akirudi akachota maji na kuswaga mbuzi, amezipita dakika hizo kabla ya chakula cha usiku. Mwalimu wake akisema kwamba watoto hawa hawana upungufu wa mazoezi bali wa vitabu, amesema kweli, na mtetezi wa michezo anayemjibu kwa takwimu za unene wa watoto wa Marekani hastahili kusikilizwa. Kama hoja ni jasho, shule nyingi za Afrika Mashariki hazina haja nayo.

Sababu ya pili ni kuchangamsha. Mwalimu akiona macho yamelegea anawasimamisha, wanaimba, wanapiga makofi, wanakaa. Hili lina ushahidi wake. Utafiti uliofanywa North Carolina na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba watoto waliopewa dakika kama 10 za mazoezi darasani walizingatia kazi yao kuliko kabla, kwa tofauti ya karibu asilimia 8. Ni faida, na haigharimu chochote. Tatizo ni kwamba kuzingatia si kuelewa. Mtoto anaweza kukaa macho makavu akitazama kwa makini ubao uliojaa hesabu asiyoijua mwanzo wala mwisho. Wimbo wa kuamsha darasa humrudisha mtoto kwenye somo, na kama somo lenyewe halishikiki, amerudishwa kwenye ukuta.

Tafiti kubwa mbili za Ulaya zinalichambua jambo hili vizuri zikisomwa pamoja, ingawa mara nyingi watetezi hunukuu ya kwanza na kuificha ya pili. Uholanzi, kundi la watafiti likiongozwa na Marijke Mullender-Wijnsma lilifuatilia watoto 499 wa shule 12 kwa miaka miwili. Mara tatu kwa wiki, madarasa ya kundi moja yalifanya hesabu na lugha kwa kusimama na kuruka. Jibu la mbili mara tatu lilitolewa kwa kuruka mara sita, na neno liliendelezwa kwa kuruka mara moja kila herufi inapotajwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba watoto hawa waliwatangulia wenzao kwa kiasi cha miezi minne ya masomo katika hesabu na katika kuendeleza maneno. Katika kusoma hapakuwa na tofauti. Mwaka huohuo wa 2016 ukatoka utafiti wa Norway, mpana zaidi, uliohusisha watoto zaidi ya 1,100 wa miaka 10 katika shule 57. Hao waliongezewa dakika 165 za mazoezi kwa wiki, nyingine ndani ya masomo yanayofanyiwa nje, nyingine za mapumziko, nyingine za kazi ya nyumbani. Baada ya miezi saba, kwa ujumla, hawakuwapita wenzao kitaaluma. Waliofaidika ni wale waliokuwa dhaifu kabisa katika hesabu tangu mwanzo.

Sitaki kuupindisha utafiti wa Norway ili ukubaliane nami. Sehemu ya dakika zake ilikuwa imeunganishwa na masomo, na bado wastani haukupanda. Lakini watoto wale walikuwa na miaka 10, umri ambao wengi wameshaifahamu namba na hawahitaji tena miguu kuwaonyesha ilipo, na ndiyo maana naona si ajabu kwamba waliobaki nyuma ndio walionufaika. Tena mwendo wenyewe ulikuwa mchanganyiko wa mambo mengi, ilhali kule Uholanzi kila mruko ulikuwa na maana moja tu, ama kizio kimoja cha hesabu ama herufi moja. Hata kule, kilichopanda ni kile kilichorukwa. Kusoma kwa ufahamu hakukuwa ndani ya mruko, na kusoma hakukupanda. Nikiziweka tafiti hizi mbili mezani, ninachokiona ni kwamba kuhesabu dakika ni kupima kitu kisicho chenyewe.

Jaribio lililoniridhisha kuliko yote ni dogo, na halina hata jasho. Robert Siegler na Geetha Ramani, nchini Marekani, waliwapa watoto wa chekechea kutoka familia maskini mchezo wa kusogeza kete kwenye ubao wenye vyumba kumi vilivyopangwa kwa mstari. Kundi moja lilikuwa na ubao wenye namba 1 hadi 10, na mtoto alisogeza kete huku akizitaja namba anazozipita. Kundi jingine lilicheza mchezo uleule, kwa muda uleule, kwa mkono uleule, ila vyumba vilikuwa na rangi badala ya namba. Baada ya jumla ya kama saa moja ya kucheza, kundi la namba lilikuwa limeimarika katika kulinganisha namba na kujua mahali pake kwenye mstari. La rangi lilibaki lilipokuwa. Mwendo ulikuwa mmoja, furaha ya kucheza ilikuwa moja, tofauti ilikuwa ni kile mkono ulichokuwa ukikisema. Susan Goldin-Meadow na wenzake wa Chicago wameonyesha jambo la ukoo huohuo. Watoto walioelekezwa kutumia ishara za mikono zinazoonyesha namna ya kutatua swali la hesabu walilihifadhi somo wiki kadhaa baadaye kuliko waliolieleza kwa maneno peke yake. Na huko Australia, watoto wa chekechea waliofundishwa maneno ya Kiitaliano kwa kuyatenda kwa mwili waliyakumbuka kuliko waliofanya mazoezi yasiyohusiana na maneno.

Kipimo hiki kinatusaidia pia kutambua bidhaa bandia. Kwa miaka mingi shule za nchi tajiri zimeuziwa programu ya Brain Gym, inayodai kwamba kusugua sehemu fulani za kifua au kuvusha mkono wa kulia upande wa kushoto huunganisha pande mbili za ubongo na kumfanya mtoto asome vizuri. Wanasayansi walioupitia ushahidi wake wameukuta hauna miguu. Ukiuliza mkono ule umebeba somo gani, jibu ni kwamba haukubeba lolote.

Sasa tugeukie uwanja wa nyumbani, kwa sababu hapa ndipo tunapojinyima mali tuliyonayo. Tazama mdako. Watoto wamechimba kishimo, wamekijaza kokoto. Mchezaji anarusha jiwe moja juu, na kabla halijashuka anazoa kokoto kutoka shimoni, analidaka lile jiwe. Anarusha tena, na safari hii anarudisha shimoni kokoto zote isipokuwa moja. Akimaliza mzunguko wa moja moja anaingia wa mbili mbili, halafu tatu tatu. Ndani ya nusu sekunde ambayo jiwe liko hewani, msichana wa miaka saba anakadiria rundo kwa jicho, anatenga tatu, anasukuma zinazozidi. Hiyo ni kutoa na kugawanya kwa mafungu, chini ya saa inayomtisha kuliko mwalimu yeyote. Mtoto huyohuyo akiingia darasani anaandikiwa 11 toa 3 na anahesabu vijiti kimojakimoja kana kwamba hajawahi kuona tatu maishani. Hajaonyeshwa kwamba hesabu ya shimoni na ya ubaoni ni moja. Kumwonyesha ni kazi ya mwalimu, na inamgharimu kokoto tu.

Au tazama mchezo wa nyama nyama. Kiongozi anataja mnyama. Akiwa ni wa kuliwa, wote wanaruka na kuitikia. Akiwa si wa kuliwa, anayeruka ametoka. Ugumu wa mchezo uko kwenye kutoruka. Mdundo unamvuta mtoto aitikie, na inambidi asikilize neno lote, alipime, aushike mwili wake. Watafiti wa Marekani, akiwemo Megan McClelland wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, wana kipimo kinachofanana sana na huu. Mtoto akiambiwa aguse kichwa anatakiwa aguse vidole vya miguu, na akiambiwa vidole vya miguu anagusa kichwa. Watoto wanaofanya vizuri katika kipimo hicho huelekea kufanya vizuri pia katika hesabu na kusoma, kwa kuwa uwezo wa kuzuia jibu la haraka ili kufuata kanuni ndio huohuo unaohitajika ili usiibahatishe sentensi kwa kuona neno lake la kwanza. Mwalimu wa awali akibadilisha kanuni ya nyama nyama, turuke kwa maneno yanayoanza na sauti /b/, tutulie kwa mengine, amepata kipindi kizima cha kutambua sauti bila kununua chochote.

Kiswahili chenyewe kinaupokea mwendo kwa urahisi ambao Kiingereza hakina. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu na husomeka kama zinavyoandikwa, hivyo hatua moja kwa silabi moja ni kanuni isiyomsaliti mtoto. Mwalimu akichora visanduku chini kwa chaki, mtoto anayeruka ma-da-fu ameruka mara tatu na ataandika silabi tatu. Kwenye m inayosimama peke yake ndipo mruko unapoonyesha thamani yake. Mtoto na mpira yote yana silabi tatu, na m inastahili kisanduku chake; mbuzi lina mbili, na m imepanda kisanduku kimoja na b. Anayeruka mara mbili kwa neno mtoto amejionyesha mbele ya mwalimu siku nyingi kabla hajaandika “toto” kwenye daftari, na mwalimu amemwona kwa jicho moja akiwa bado amesimama mlangoni. Kuhusu herufi zenyewe, Karin James na Laura Engelhardt walichunguza ubongo wa watoto wa miaka mitano wasiojua kusoma bado, wakakuta kwamba sehemu zinazohusika na kusoma ziliamka walipotazama herufi walizojizoeza kuziandika kwa mkono, kuliko zile walizozipiga kwenye kibodi au kuzifuatisha tu. Watoto walikuwa 15, kwa hiyo tusiujengee ghorofa, lakini unawaunga mkono walimu wetu ambao tangu zamani wamekuwa wakiwaandikisha watoto hewani na mchangani.

Mtu atasema haya ni ya darasa la watoto 25. Sera ya Tanzania kweli inataka mwalimu mmoja wa awali awe na watoto 25, na katika shule za serikali wastani umewahi kuzidi 100. Hapa ndipo pingamizi lenye nguvu kuliko yote lilipo, na kulijibu kwa kusema mwalimu ajitahidi ni kumtukana. Darasa la watoto 100 lenye madawati yaliyopigwa pamoja na viti vyake haliwezi kuruka. Mwaka 2016, baada ya ada na michango kufutwa na watoto kufurika, nchi nzima ilihimizwa kuchangia madawati, na ilikuwa haki kumwinua mtoto sakafuni. Lakini dawati zito likawa ndilo alama ya elimu hata kwa mtoto wa miaka mitano, ambaye jamvi na nafasi tupu vingemfaa zaidi. Kinachowezekana katika hali hii ni kugawa kazi, si kugawa darasa. Watoto 20 wanatoka mbele au nje kivulini na kuruka. 80 waliobaki ni waamuzi, wanahesabu kwa sauti, wanainua mkono mruko ukikosewa. Anayetazama kwa ajili ya kuamua anafanya hesabu ileile. Kelele zitakuwapo. Mwalimu wa darasa la jirani atalalamika, na pengine hilo ni gumu kuliko idadi.

Tena hatuanzi sifuri. Zanzibar, kuanzia mwaka 2006, mradi wa RISE ulirusha vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze, ambamo sauti ya redioni iliwaelekeza watoto waimbe, wasimame, wahesabu kwa viungo vyao, huku walezi wa vijijini, wengine bila mafunzo kamili ya ualimu, wakiwaongoza. Redio moja na watu wazima wa kawaida walitosha kuendesha kipindi. Kabla ya hapo, kule Mombasa katika miaka ya 1980, Bi Swafiya Said na wenzake walianzisha shule za awali za Madrasa kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, zikasambaa Zanzibar na Uganda, zikitumia vifuu, magamba ya konokono na vizibo kwenye kona za kujifunzia ambako mtoto anahama, anapanga, anabeba. Watafiti Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg waliwalinganisha watoto wa shule hizo na wa shule nyingine za awali za nchi hizo tatu na kukuta wa Madrasa wamepiga hatua zaidi kiakili. Ushahidi huo ni wa mfumo mzima, mafunzo ya walimu yakiwemo, kwa hiyo siwezi kuupa mwendo sifa yote. Unachothibitisha ni kwamba darasa ambalo watoto wake wanatembea halikuwapotezea chochote.

Wazazi wana shaka nyingine. Ripoti za Uwezo, mpango unaopima kusoma na kuhesabu kwa watoto, zimekuwa zikirudia tangu mwaka 2010 kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Kwa mzazi aliyesikia hivyo, kumwona mwanawe akiruka saa nne asubuhi ni dhihaka, na shule binafsi zinalijua hilo vizuri. Ndiyo maana mtoto wa miaka minne anarudi nyumbani na daftari lililojaa a a a, ushahidi kwamba ada imefanya kazi. Jibu langu liko kwenye utafiti uleule wa Norway uliovunja moyo watetezi. Dakika 165 kila wiki hazikuwarudisha nyuma watoto. Muda uliotumika kwa mwendo haukuibwa kwenye masomo, na kwa walio nyuma ulilipa. Watoto ambao Uwezo inawazungumzia ndio hao walio nyuma.

Kenya ilipoanza rasmi mtaala wa umilisi mwaka 2019, shughuli za mwendo zilipewa nafasi yake kama somo katika madarasa ya chini. Ni heshima, lakini ina mtego wake. Mwendo ukishakuwa na kipindi chake kwenye ratiba, mwalimu wa hesabu anaona umeshughulikiwa, na tumerudi kwenye mchakamchaka kwa jina la kisasa. Ningependa zaidi kuona mthibiti ubora akifungua andalio la somo la kuhesabu na kuuliza mwili wa mtoto unafanya nini katika hatua ya pili ya somo. Vilevile angeuliza kuhusu mtoto asiyetembea, kwa maana mwendo uliobeba somo hauhitaji miguu. Anayetumia kiti cha magurudumu anasogea kwenye mstari wa namba kwa kiti, au kwa kidole mezani kama kete ya Siegler, na hesabu haijapungua. Mazoezi ya jasho ndiyo humwacha pembeni akishika makoti ya wenzake.

Na mwendo huu una mwisho wake, jambo ambalo wapenzi wa michezo husahau kulipanga. Mstari wa namba unaanza uwanjani, hatua moja namba moja. Baada ya wiki kadhaa unahamia jamvini, unatembezwa kwa vidole viwili. Baadaye unachorwa kwenye daftari, halafu mtoto anafumba macho na kuusema. Kila hatua iandikwe kwenye andalio pamoja na siku ya kuiacha, kwa sababu mtoto asiyeondolewa uwanjani atajua kuruka na hatajua kuhesabu. Mwishoni mwa darasa la pili, 8 jumlisha 5 inatakiwa ipatikane bila kutazama miguu. Ambaye bado haipati anarudishwa nje kwenye mstari siku mbili tatu, wenzake wakiendelea na daftari.